Mkono Nje ya Kiota

Tai mwenye kishungi hana haraka. Tangu jike atage mpaka yai liangulike hupita siku 50 hivi. Kinda hukaa kiotani siku kama 110 kabla ya kuthubutu kuruka, na akisharuka bado hulishwa na wazazi wake miezi tisa, kumi, pengine kumi na moja. Ongeza muda wa kukarabati kiota, na hesabu inakaribia siku 500 au kuzipita, zote kwa ajili ya kinda mmoja.

Wakusanyaji wa makumbusho ya Ulaya waliopita Afrika katika karne ya 19 hawakuwa na siku 500 za kumpa ndege. Walikuwa na bunduki, chumvi ya kukaushia ngozi na visanduku vya mayai. Ndiyo maana vitabu vya zamani vinaeleza kwa ufasaha tai aliyekufa alivyofanana, urefu wa bawa lake na rangi ya kucha zake, na vinanyamaza kabisa vikifika kwenye namna anavyolea. Ili mtu ajue hilo ilibidi akae mbele ya kiota, arudi, akae tena, na muda wote huo mkono wake ubaki nje ya kiota. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowashinda wengi.

Liliwashinda hasa wawindaji na wakusanyaji waliozunguka Uskoti. Kule Uskoti kulikuwa na mwewe wa samaki, Pandion haliaetus, ndege wa kahawia mgongoni na mweupe tumboni ambaye hujitupa majini miguu ikitangulia na kuibuka na samaki. Majira ya baridi hukimbilia Afrika Magharibi, Senegal na Gambia, na machipuko yakifika hurudi kaskazini kwenye kiota kilekile. Uaminifu huo kwa kiota ndio uliomponza. Aliyejua mti wa mwaka jana alijua mti wa mwaka huu.

Katikati ya karne ya 19 mayai ya ndege yalikuwa mali Uingereza. Mabwana wenye nafasi waliyakusanya, wakayatoboa na kuyapuliza, wakayapanga kwenye droo zenye pamba. Ndege alivyozidi kuadimika ndivyo yai lake lilivyozidi kutafutwa, na yai lilivyozidi kutafutwa ndivyo ndege alivyozidi kuadimika. Mwandishi na mwindaji Charles St John alizunguka Sutherland mwishoni mwa miaka ya 1840, akampiga risasi mwewe wa samaki jike penye kiota, mayai yakachukuliwa, kisha akaandika kwamba alisikitika kwa alichofanya. Masikitiko yake hayakurudisha yai lolote. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Lewis Dunbar aliogelea usiku wa theluji hadi kwenye magofu ya ngome iliyo katikati ya ziwa la Loch an Eilein, akapanda ukutani walikojenga ndege hao, akarudi na mayai. Yalikwenda kwa John Wolley, mmoja wa wakusanyaji mashuhuri wa zama zake, ambaye hazina yake baadaye ilihifadhiwa Cambridge. Mwaka wa 1916 ndio unaotajwa kwa kawaida kuwa wa mwisho kwa mwewe wa samaki kuzaa Uskoti. Baada ya hapo ikawa kimya.

Jozi moja ilijitokeza tena mwaka 1954 karibu na Loch Garten, katika misonobari ya bonde la mto Spey. Mwaka huohuo sheria mpya ya Uingereza ya kulinda ndege ilipiga marufuku kuchukua mayai ya ndege wengi wa porini. Sheria ni karatasi, lakini. Misimu iliyofuata majaribio ya kuzaa yaliharibika moja baada ya jingine, na ikawa wazi kwamba droo zenye pamba bado zilikuwa na nafasi.

George Waterston aliamua kupambana. Alikuwa mwenyeji wa Edinburgh aliyetekwa na Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na aliporudi alianzisha kituo cha kuangalia ndege katika kisiwa cha Fair Isle, kisha akawa mwakilishi wa chama cha Uingereza cha kulinda ndege, RSPB, huko Uskoti. Waliojitolea waliwekwa zamu mchana na usiku kwenye kibanda kilichotazama mti wa kiota. Hata hivyo, mapema Juni 1958, katika giza, mtu alipenya na kuupanda mti. Walinzi walimshtukia, akatoweka. Chini ya mti palikutwa mayai ya mwewe yamepasuka, na kiotani mna mayai ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu ili yafanane na yaliyoibwa.

Hapo Waterston alifanya jambo ambalo wenzake wengi waliliona wazimu. Mpaka wakati huo mahali pa kiota palikuwa siri, na kila mlinzi wa ndege alijua kwamba siri ndiyo ngao. Yeye aliitangaza. Mwaka 1959 ndege waliporudi na kuatamia, shina la mti lilizungushiwa seng'enge, kibanda kikawekwa umbali wa mamia ya mita, na magazeti yakaambiwa kwamba mwananchi yeyote anakaribishwa kuja kutazama. Walifika watu wapatao 14,000 katika majuma machache. Makinda watatu waliruka.

Hesabu ya Waterston ilikuwa rahisi: mwizi anaogopa macho. Kiota kinachotazamwa na maelfu hakiibiki kirahisi, na mtoto aliyechungulia kwa darubini akamwona kinda akinyanyua kichwa hatataka tena yai lake lililokufa. Hakushinda moja kwa moja. Mwaka 1986 waharibifu waliukata mti wenyewe kwa msumeno wa injini. Lakini desturi ilikwisha kuzaliwa. Loch Garten imepokea wageni kwa miongo mingi, na jozi za mwewe wa samaki wanaozaa Uingereza leo zimepita 200.

Desturi hiyo ya Loch Garten, hata hivyo, ni desturi ya ulinzi. Watu walikwenda kuona na kuhakikisha. Kujua ni kazi nyingine, na kwa habari ya tai wakubwa kazi hiyo ilifanyika zaidi Afrika, nyingi katika Afrika Mashariki, mikononi mwa watu ambao mishahara yao ilitoka kwenye shughuli tofauti kabisa.

Mwaka 1947 jarida la ndege la Ibis lilichapisha makala ndefu ya E. G. Rowe, mtumishi wa serikali ya Tanganyika, kuhusu uzazi wa tai mweusi, yule wa majabali mwenye alama nyeupe mgongoni, ambaye chakula chake kikuu ni pimbi. Miaka michache baadaye jarida hilohilo likaanza kupokea kurasa nyingi kutoka Embu. Mwandishi wake alikuwa Leslie Brown.

Brown alizaliwa Coonoor, India, mwaka 1917, wa wazazi Waskoti, akasoma St Andrews, akaingia idara ya kilimo ya wakoloni Nigeria mwaka 1940 na kuhamia Kenya mwaka 1946. Alikuwa mtu mgumu, mwenye ulimi mkali na miguu isiyochoka. Kisa chake kinachosimuliwa zaidi hakihusu tai. Katika miaka ya 1950 alitaka kujua heroe wa Bonde la Ufa wanazaa wapi, akaenda kwa miguu kuvuka matope ya magadi ya Ziwa Natron. Ganda la juu lilikatika, magadi yakaingia kwenye viatu na kumbabua miguu kiasi cha kulazwa hospitali na kupandikizwa ngozi. Alipona, akarudi, akavipata viota, na mwaka 1959 akatoa kitabu kuhusu heroe hao.

Kwa tai hakuhitaji ushujaa wa namna hiyo. Alihitaji kilima kimoja. Alikipata Embu, kusini mashariki mwa Mlima Kenya, katika nchi ya Wambeere: kilima chenye mawe na miti ambapo aina kadhaa za tai zilijenga karibu karibu. Alikuwepo tai mwenye kishungi. Tai mkubwa wa nyika mwenye tumbo la madoa, yule mrefu wa mabawa kuliko wote. Tai mdogo wa miteremko awindaye kanga na kwale. Na ndugu yake adimu zaidi, tai wa Ayres, ambaye mengi yanayojulikana leo kuhusu ulezi wake yalianzia kwenye kiota cha hapo. Katika maandishi Brown alikiita Kilima cha Tai, akakiangalia tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1960, akipita kila alipopata nafasi. Wambeere walimwongoza, na kuna waliomwangalizia viota akiwa kwingine.

Hapa pana jambo ambalo makala za Ibis hazikuumbwa kulisema. Idara ya kilimo aliyoitumikia Brown ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma watu wa nyanda za kati za Kenya kuchimba matuta kwa lazima, kero iliyochangia hasira za miaka ile. Sehemu kuu za utafiti wake zilitoka mwaka 1952 na 1953, na nyongeza mwaka 1955. Hiyo ni miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, na Embu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizobanwa. Watu wa huko walikuwa wakihesabiwa na kuzuiwa kutembea, wakati afisa mwenye darubini alipanda na kushuka kilima. Ukweli huo hauyafanyi matokeo yake kuwa ya uongo. Unaeleza tu ni nani aliyekuwa na ruhusa ya kukaa chini ya mti akitazama juu, na kwa nini majina ya wenyeji waliojua kila kiota hayapo mbele ya makala.

Mbinu yenyewe ilikuwa ya zamani. Kibanda cha matawi au turubai hujengwa kidogo kidogo, kikisogezwa siku hata siku ili ndege akizoee. Siku ya kuingia huenda watu wawili. Mmoja hubaki ndani, mwingine huondoka kwa mbwembwe ili tai aridhike kwamba hatari imekwenda zake. Kisha saa huanza. Mkulima aliyelinda mtama akiwa kwenye ulingo angeielewa kazi hiyo mara moja, ila tu hapa hakuna kupiga makelele wala kurusha jiwe. Anayefanya hivyo amejiharibia siku.

Na nini huonekana? Kwa saa nyingi, si kitu. Jike amelala juu ya yai. Kinda akishatoka, jike hukaa naye, humkinga jua na mvua, humnyofolea vipande vidogo vya nyama na kumpa mdomoni kwa uangalifu usiotarajiwa kutoka kwenye kucha zinazoua kima. Dume huwinda kwa ajili ya wote watatu. Huja na mguu wa paa au mkia wa tumbili unaoning'inia, hutua, huacha, huondoka. Kinda akiota manyoya, mama naye huanza kutoka, na siku za kinda kuwa peke yake huongezeka. Hapo huanza mazoezi: kupiga mabawa akiwa ameshikilia tawi, kuruka juu ya kiota na kutua palepale, kuua kipande cha mti mara kumi kwa siku.

Brown hakusimama hapo, na ndipo alipowapita waliomtangulia. Wengi walifunga daftari kinda aliporuka. Yeye aliendelea kurudi, akagundua kwamba kwa tai mwenye kishungi kuruka si mwisho wa ulezi, hata nusu yake haijafika. Mtoto hukaa jirani na kiota akilia njaa, na wazazi humletea chakula kwa karibu mwaka mzima. Hawamfukuzi. Mzazi hufika na windo, huita, na mtoto huja mbio. Inafika siku mzazi anaita na mtoto haji kwa sababu ameanza kujipatia mwenyewe. Mzazi husubiri, kisha hula windo lake. Kwa hesabu hiyo jozi haiwezi kuzaa kila mwaka. Mwenye kishungi aliyefanikiwa kulea huzaa tena baada ya miaka miwili. Jambo hilo linaonekana dogo mpaka mtu akumbuke maana yake kwa msitu: ukimuua tai mmoja mzima umeondoa uzazi ambao hautafidiwa haraka.

Baada ya kustaafu serikalini wakati wa uhuru, Brown aliendelea kuishi Kenya. Mwaka 1968 yeye na Dean Amadon wa makumbusho ya New York walitoa majuzuu mawili kuhusu ndege wabuai wa dunia nzima, kazi iliyokaa kwenye rafu za wataalamu kwa miongo. Alifariki mwaka 1980. Mwaka 1977 alikuwa amechapisha makala akishirikiana na Valerie Gargett na Peter Steyn, kuhusu swali lililokuwa likiwasumbua wote watatu: kwa nini tai huwaua ndugu zao?

Swali hilo linatupeleka Matobo, kusini mwa Zimbabwe, nje ya Bulawayo. Ni nchi ya mawe makubwa yaliyobebana, yenye pimbi katika kila ufa, na kwa hiyo yenye tai weusi wengi kupita mahali pengine popote panapojulikana: karibu jozi 60 katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 620. Gargett hakuwa mtaalamu wa kuajiriwa. Kuanzia mwaka 1964 aliongoza kikundi cha wapenda ndege wa Bulawayo waliotumia mapumziko yao kukagua viota vya Matobo, mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1990 akatoa kitabu kinene kuhusu tai huyo.

Tai mweusi kwa kawaida hutaga mayai mawili, kwa kupishana siku chache. Makinda wawili hutoka kwa kupishana vilevile. Na karibu kila mara mmoja tu ndiye hubaki, ingawa kiotani kuna nyama ya kutosha wote wawili. Kila mtu aliyefuatilia tai weusi alilijua hilo kwa kuhesabu: juma hili wawili, juma lijalo mmoja. Gargett alitaka kuona kinachotokea katikati. Alijificha karibu na kiota kimoja na kuandika kila kitu tangu kinda wa pili alipoanguliwa. Mkubwa alimdonoa mdogo, akapumzika, akamdonoa tena. Mdogo aliishi siku tatu. Katika muda huo Gargett alihesabu madonoo 1,569.

Mama yao alikuwepo. Pimbi walikuwa wamelazwa kiotani. Mama hakumtenga mkubwa wala hakumtetea mdogo. Alilisha mdomo uliofunguka mbele yake, na mdogo akawa hathubutu kuinua kichwa. Msomaji aliyelelewa kwenye hadithi za mama kuku anayembana mwewe atapata taabu kumeza ukurasa huo. Mwanamke aliyekaa kibandani naye alikuwa na mikono miwili na kiota kilichokuwa karibu. Hakuigusa mizani. Kama angegusa, tusingejua lolote.

Maelezo wanayoyakubali wengi leo ni kwamba yai la pili ni akiba. La kwanza likiwa viza, au kinda wa kwanza akifa mapema, yupo wa kushika nafasi. Akishaimarika wa kwanza, akiba haina kazi. Ni maelezo baridi, na yanatosha kwa tai mweusi, ingawa kwa aina nyingine zenye ugomvi wa hapa na pale kuna mjadala zaidi.

Baada ya kujua, watu walianza tena kuingiza mkono, safari hii kwa nia njema. Mjerumani Bernd-Ulrich Meyburg alionyesha katika miaka ya 1970, kwa tai wa Ulaya waliobaki wachache, kwamba kinda wa pili anaweza kuondolewa kabla hajauawa, akalelewa kando na kurudishwa baadaye, ukali wa ndugu yake ukiwa umepungua. Njia hiyo imetumika pia Madagaska kwa tai mla samaki wa kisiwa hicho, mmoja wa ndege adimu kabisa duniani. Hapo mkono una hoja: unaokoa maisha ambayo maumbile yangeyatupa, katika aina ambayo kila kichwa kina thamani. Kwa tai aliye tele hoja hiyo haipo.

Chini ya kiota, wakati huohuo, kulikuwa na hazina nyingine ambayo haikuhitaji mkono wowote kupanda. Tai hula, mifupa huanguka. Katika msitu wa Kibale, Uganda, watafiti wakiongozwa na Thomas Struhsaker waliokota mabaki chini ya viota vya tai mwenye kishungi na kukuta kwamba nyani wadogo wa mitini, kima na mbega na wenzao, walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya windo. Msitu wa Taï, Ivory Coast, ulitoa rundo lingine la mafuvu, na mafuvu hayo yakaja kujibu swali ambalo hakuna aliyetegemea tai alijibu.

Mwaka 1924 wachimba chokaa wa Taung, Afrika Kusini, walitoa fuvu la mtoto wa kale. Raymond Dart alilitangaza mwaka uliofuata kuwa la kiumbe kipya, Australopithecus africanus. Mtoto huyo wa miaka mitatu au minne alikufa zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na kwa muda mrefu alidhaniwa kaliwa na chui au mnyama mwingine wa ardhini. Mwaka 1995 Lee Berger na Ron Clarke walidai kwamba muuaji alikuwa tai mkubwa. Wengi walicheka. Lakini mafuvu ya Taï yalipochunguzwa yalikuwa na mikwaruzo na matundu ya aina maalumu ndani ya matundu ya macho, pale tai anapochokonoa kwa mdomo na kucha, na mwaka 2006 Berger aliziona alama zilezile kwenye fuvu la Taung. Kwa hiyo mtu anayeokota mifupa chini ya mti Ivory Coast alitoa ushahidi katika kesi iliyotangulia kuzaliwa kwa binadamu wa sasa. Sijui kama kuna kazi nyingine ya shambani iliyolipa hivyo kwa kuinama tu.

Kamera ilipofika, kibanda kilipoteza heshima yake. Mwaka 2011 kiota cha tai kichwa-cheupe huko Decorah, Iowa, kilirushwa moja kwa moja kwenye intaneti na kufunguliwa zaidi ya mara milioni 200 kabla msimu haujaisha. Watu walitazama ofisini, hospitalini, madarasani. Waterston angefurahi: macho elfu kumi na nne yalikuwa yamegeuka mamilioni. Ila macho hayo hayakufundishwa subira ya kibandani. Mwaka 2014 kinda mmoja katika kiota chenye kamera ya serikali ya jimbo la Minnesota alivunjika bawa. Maofisa walisema maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Simu zikamiminika, ofisi ya gavana ikaingilia, mtu akapandishwa mtini, kinda akashushwa. Madaktari walikuta hali yake imekwisha kuharibika mno, wakamwondoa uhai kwa dawa.

Sijasikia hoja iliyonishawishi kwamba watazamaji wale walikuwa na moyo mbaya. Walikuwa wamekiona kiota bila kupanda kilima.

Kwa Kenya, urithi wa kizazi cha Brown umepata matumizi ambayo hakuyapanga. Hesabu za barabarani za ndege wabuai zilizofanywa nchini katika miaka ya 1970 zililinganishwa na zile za mwaka 2003 hadi 2020, na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalikuwa mabaya: aina nyingi zimeporomoka, baadhi kwa zaidi ya asilimia 90. Miongoni mwao yumo mwewe mwenye mkia mwekundu anayekaa kwenye nguzo za simu katika nyanda za juu, ndege ambaye kila msafiri wa Nakuru alimzoea. Sumu, nyaya za umeme, miti mikubwa iliyokatwa na mashamba yaliyogawanywa vyote vinatajwa. Bila daftari za zamani, kila kizazi kingedhani uchache unaouona ndio hali ya kawaida.

Tai mwenye kishungi amejaribu njia yake. Durban na vitongoji vyake, katika Afrika Kusini, amehamia mjini na kujenga kwenye mikaratusi iliyo nyuma ya nyumba za watu, na malalamiko yakafuata: anakula paka, anakula mbwa wadogo. Kati ya mwaka 2012 na 2014 watafiti wa chuo kikuu cha KwaZulu-Natal waliweka kamera kwenye viota 11, zikapiga picha za mawindo zaidi ya 800 yakiletwa kwa makinda. Wanyama wa kufugwa walikuwa wachache sana. Windo lililoongoza lilikuwa pimbi, na upande wa ndege lilikuwa kwarara, wale wapiga kelele wa alfajiri, ambao tai walikuwa wakiwachukua wangali vifaranga, moja kwa moja kutoka viotani mwao.